Nati Nilizozifuta

Mnisamehe kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu. Herufi zikikosekana, someni hivyo hivyo.

Kazi nilianzia mtaa wa Gerezani, nyuma ya maduka ya vipuri, kwa Fundi Mkuu aliyetengeneza betri za bajaji. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe, kazi ya mteja haitoki hapa na uchafu. Ing'arishe, hata kama imekushinda!" Nikalishika hilo kama sala.

Baadaye wanafunzi wa chuo walikodi kona ya gereji yetu. Walikuwa na gari la mashindano la kiti kimoja, linalotumia umeme, na walilirekebisha kila siku. Fundi Mkuu akanikabidhi kwao niunganishe seli, yaani vibetri vidogo vinavyopangwa pamoja kuwa betri moja kubwa. Tulikuwa rika moja, lakini hawakuniita jina. Waliniita Fundi. Mchana walikwenda kwa mama lishe wote pamoja, wakicheka. Mimi nilikula nimekalia tairi. Hawakunifukuza. Sikujua tu nikae wapi.

Siku moja kabla ya ukaguzi, walipokwenda kula, niliona kila nati ya gari ina mstari mwekundu wa rangi ya kucha. Nikachukua kitambaa na thina ya kuondolea rangi, nikafuta yote. Gari likang'aa.

Kapteni wa timu, dada mmoja mrefu, alirudi wa kwanza. Akasimama mbele ya gari, wenzake wakifika nyuma yake.

"Deo! Mistari iko wapi?"

Deo ndiye aliyesimamia nati. "Mistari gani tena?"

"Acha utani. Nati ikishakazwa kwa kipimo tunaichora. Mkaguzi asipoona mstari, kesho gari halipiti. Rangi unayo wewe!"

"Kapteni, haki ya Mungu sijagusa. Rangi yenyewe nimemwibia dada yangu, nije niichezee?"

Kapteni hakucheka.

"Vua ovaroli. Kesho baki kwenu."

Hakuna aliyenitazama. Ningenyamaza, yangeishia kwa Deo. Alishatoa mkono mmoja kwenye ovaroli ndipo nikasema ni mimi. Hawakunisikia. Nikarudia.

"Fundi? Sasa kwa nini hukuuliza?"

"Niliona uchafu."

Kapteni alinitazama, kisha akanipa ile spana inayolia ikifika kipimo. "Wewe kaza. Deo, chora."

Tulirudia nati zote hadi jua linazama. Kila nati Deo alinitania, "Hii usiioshe, bosi wangu, nakuomba." Ni siku pekee niliyosemeshwa hapo mchana kutwa.

Gari lilipita ukaguzi. Likapakiwa kwenye lori kwenda mashindanoni, wao wakalifuata. Nafasi za kwenda zilikuwa za wanafunzi tu. Nikafagia kona yao, ingawa hakuna aliyenituma.

Fundi Mkuu alipofunga gereji, nami nikaacha ufundi. Sasa nauza vipuri Buguruni. Ninyi mnaoanza, mkikuta alama msiyoijua kwenye kazi ya mwenzenu, ulizeni kwanza. Mimi kuuliza kwa mdomo bado kunanishinda. Lakini barua naweza. Kama nawe unafanya kazi ya namna hii, niandikie, uniambie mchana unakula na nani. Nitajibu, ila nitachelewa.