Miguu Kutoka Uani

Redioni wanamwita Fundi Mvua. Hata mlinzi wa getini, ambaye hajui vizuri kazi yake ni nini, humwuliza kila asubuhi, "Fundi, leo inanyesha?" Mvua yake ni mchele mkavu anaoumwaga polepole juu ya sinia la bati. Moto wake ni mfuko wa nailoni anaoufinyangafinyanga karibu na maikrofoni, na mfupa unaovunjika ni karoti. Ukimwambia kwamba angeweza kutoka nje akarekodi mvua yenyewe, anakutazama kama umemtukania mama. Mvua ya kweli, atakwambia, ukiisikia redioni utadhani mtu anakaanga vitunguu.

Lakini kazi inayomlisha hasa ni miguu. Nyuma ya mlango wa studio ana gunia la viatu: buti za askari, viatu vya kike vyenye visigino vilivyolika upande, kandambili, na viatu vya mtoto wa shule ambavyo huvivaa mikononi. Chini kuna visanduku vya mchanga, kokoto na mbao. Mwigizaji husimama tu akasoma maneno yake. Anayetembea ni Fundi. Katika michezo ya kituo kile hakuna mtu anayeingia chumbani bila yeye kumtembeza, na vijana wapya wakisahau huwafokea: "Huyu ametokea wapi? Ameota kama uyoga? Mpe miguu!"

Mkewe naye ni fundi, wa kushona. Chumba cha mbele cha nyumba yao ni chake, na ndani yake kuna cherehani ya kukanyaga ambayo gurudumu lake hulia ukiliacha lizunguke lenyewe. Cherehani hiyo imeshakuwa treni, imeshakuwa bunduki, mara moja imekuwa ndege ya kivita, na mwenyewe hudai alipwe mshahara wa rubani. Binti yao wanamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Kila jioni, sahani zikishatandazwa, Fundi huwachezea sauti aliyoinasa siku hiyo na kuuliza, "Nini hiki?" Chiriku hutaja simba, bahari na mizinga. Mama yake husikiliza kidogo tu, kisha anasema, "Huo mfuniko wa sufuria yangu. Na umeuangusha, usinidanganye." Hakosi. Fundi mwenyewe hukiri kwamba masikio ya nyumba ile ni ya mkewe.

Kinasa sauti chake ni kidogo, kinaingia mfuko wa shati, na ni heri asahau kuvaa suruali kuliko kukisahau hicho. Alasiri moja, mapema mwaka huu, alikuwa ukumbini akinasa mlio wa bawaba mpya ya mlango wa jikoni. Simu ikalia chumba cha mbele. Cherehani ikasimama, gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe, na mkewe akapiga ukelele. Mama yake mzazi alikuwa amefariki.

Hapa ndipo mimi huwa natamani kumkaba shati. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu, na alikuwa karibu kiasi cha kuuona mguu wa mkewe ukitetemeka juu ya kanyagio. Taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa inawaka. Amezoea miaka yote kuganda mtu anapotoa sauti nzuri, na mazoea yakamshika, akaganda. Mkewe akalia, akaita, "Baba Chiriku! Baba Chiriku, njoo! Njoo jamani, uko wapi?" Naye yupo pale pale, amezuia pumzi. Alipokuja kuingia, mkewe alikuwa ameshaporomoka sakafuni.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa uani," akasema. "Sikusikia."

Akamkumbatia, kinasa sauti kikiwa mfukoni katikati yao. Msibani mkewe aliwasimulia watu kwamba habari ilimkuta peke yake, maskini baba Chiriku alikuwa uani. Aliyasema bila lawama yoyote, hata kwa huruma, na kila alipoyasema Fundi alitafuta kiti cha kuhamisha au maji ya kuchota. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini ile sauti hakuifuta. Hajawahi kufuta sauti nzuri maishani mwake. Aliitia kwenye kompyuta ya kazini akajiambia kwamba haitatoka humo.

Ikakaa humo miezi michache. Kisha ukaja mchezo ambamo mjane anapewa habari ya kifo cha mwanawe, na mwigizaji, msichana mzuri wa kuigiza ugomvi na mapenzi, hakuweza kulia. Alilia kama mtu aliyepaliwa na maji. Wakarudia, wakarudia tena. Mtayarishaji, mwanamke asiye na subira, akavua hedifoni. "Dada yangu, hata paka wangu hasadiki. Na mchezo unatoka kesho."

"Ninacho kilio," akasema Fundi. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma inachechemea.

"Cha nani?"

"Cha siku nyingi tu."

Akakata kipande cha mwanzo, kabla ya ile "Baba Chiriku". Chini ya kilio ilisikika ile kwii, kwii ya gurudumu likijizungukia. Akajaribu kuisafisha, ikagoma kutoka bila kuumiza sauti, akaiacha. Nani atajua?

Simu za wasikilizaji zilimiminika. Mtayarishaji akamsifu mbele ya wote mkutanoni, na Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Kuanzia hapo akawa mume mwema kupita kiasi. Aliosha masufuria. Alileta nyuzi za rangi ambazo hazikuagizwa. Alisifia gauni ambalo lilikuwa bado kitambaa.

"Baba Chiriku, umevunja nini?" mkewe akamwuliza.

"Sijavunja kitu."

"Basi umeangusha. Mtu haoshi sufuria mpaka nje bila sababu."

Mchezo ulirudiwa mwisho wa wiki, mchana, wakati mkewe anampima mteja kiuno. Wateja wengine wawili walikuwa wameketi wakisubiri, redio juu ya kabati. Kilio kikaja. Mmoja akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichodondoka sakafuni, akasema, "Jamani, huyu dada anaigiza!" Mke wa Fundi hakuitambua ile sauti. Ni nani anayejua analiaje? Alichokisikia ni kile kilichokuwa chini yake, kwii, kwii, kwi, na akageuka kuitazama cherehani yake. Ilikuwa imetulia tuli. Akamaliza kumpima mteja, akamwambia gauni litakuwa tayari Jumatano.

Jioni, sahani zilipotandazwa, Fundi akatia mkono mfukoni.

"Leo naanza mimi," mkewe akasema. "Nini hiki?" Akabana midomo. "Kwiii... kwiii... kwii... kwi."

Chiriku akaruka. "Cherehani! Cherehani ya mama, ukiiacha!"

"Hongera, mwanangu. Sasa baba yako atuambie ilikuwa wapi leo mchana."

Fundi alikuwa ameshika tonge. Hakulipeleka mdomoni wala hakulirudisha. "Redioni," akasema.

"Chiriku, kamalizie chakula chako jikoni."

"Lakini mama, bado hatu..."

"Jikoni."

Mtoto akaenda, bawaba ikalia. Mkewe akangoja mpaka ilipotulia. "Ulininasa nikimlilia mama yangu."

"Nilikuwa nanasa bawaba. Nikakiacha kinasa sauti ukumbini, nikatoka uani. Kikanasa chenyewe." Njia ya mwongo ni fupi, naye alikuwa ameshaanza kuuona mwisho wake, ila akaendelea kutembea. "Kazini wakabanwa. Nilikosa akili, mama Chiriku. Nisamehe."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Siku ile siikumbuki," akasema. "Watu wananiambia nilisema hivi, nilisema vile. Mimi nakumbuka sakafu tu. Mama amekufa na sijui nilimwitaje. Niletee chote nisikilize. Chote, usikikate."

Asubuhi Fundi alijifungia studio akakisikiliza mwenyewe. Ukelele, gurudumu, kilio. Mama, mama yangu wee. Halafu ile "Baba Chiriku, njoo". Halafu kimya, kirefu mno. Halafu yeye, "Nipo, nipo," karibu kabisa na maikrofoni, kama uyoga ulioota ukumbini.

Alijua mara moja kinachokosekana. Akiwa hajakaa hata kufikiri, aliingiza miguu katika kandambili, akakanyaga kisanduku cha kokoto, mbio mbio, kisha mbao. Akatafuta ule mlio wa bawaba, akaupachika mahali pake. Ilichukua muda mfupi tu, na ilikuwa kazi safi: mtu anaitwa, anasikia, anakimbia kutoka uani, anafungua mlango wa jikoni, anafika. Alisikiliza na kwa kitambo kidogo aliamini. Alimwona huyo mume akikimbia, akampenda, akamwonea wivu. Ndipo akavua kandambili akaketi chini karibu na gunia lake la viatu, mtu mzima, akalia bila kutaka kujua anasikikaje.

Akaifuta miguu yote. Akaenda kwa mtayarishaji akamweleza kilio kilikuwa cha nani. Mtayarishaji akamtazama, akasema, "Fundi, wewe si mzima," na siku hiyo hiyo akarudisha kwenye mchezo kile kilio cha mwigizaji, cha kupaliwa na maji.

Nyumbani mkewe alivaa hedifoni akiwa ameketi mbele ya cherehani. Fundi alisimama mlangoni. Alimwona akiinamisha kichwa, akamwona analia tena, taratibu safari hii, midomo ikifuatisha maneno yake mwenyewe. Mama, mama yangu wee. Kisha midomo ikatulia. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena pale pale, kichwa kimeinama upande, kama anavyofanya mezani kabla hajataja jibu. Akavua hedifoni.

"Hakuna miguu," akasema.

Fundi akaushika mlango.

"Uani kuna kokoto. Mlango wa jikoni unalia. Nimeita, halafu hakuna kokoto, hakuna bawaba, halafu upo." Akamtazama. "Ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapo," akasema Fundi, akaonyesha ukumbini, mahali ambapo mtu akinyoosha mkono anaugusa mlango. "Nilisikia yote. Niliogopa kuharibu sauti."

Mkewe aliitikia kwa kichwa, polepole. Akaikunja waya ya hedifoni vizuri, akampa, akaomba amwachie chumba.

Hakuondoka nyumbani wala hakumfukuza. Walizungumza habari za chumvi, karo na bomba linalovuja. Mezani mchezo ulikufa. Chiriku alijaribu kuufufua kwa kijiko na glasi, akaona hakuna anayebahatisha, akala kimya, na kimya cha Chiriku kilimchoma Fundi kuliko tusi. Kinasa sauti alikiacha kazini. Usingizini alikuwa akiitwa, na kila alipotaka kuinua mguu, mguu hauinuki.

Siku moja ya mapumziko alikuwa uani anafua. Mke ndani anashona, mtoto shuleni. Cherehani ikasimama ghafla.

"Baba Chiriku!"

Hakunawa hata povu. Aliipiga ndoo teke, maji yakamwagika, kandambili moja ikabaki kwenye kokoto. Akapita jikoni bawaba ikipiga ukelele, akagonga bega ukumbini, akafika mlangoni anahema. "Nini? Umejichoma sindano? Kuna nini?"

Mkewe alikuwa ameketi, mikono juu ya kitambaa, amefumba macho. Hakuwa ameumia popote.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilitaka kuisikia tu, miguu yako ikitoka uani. Siku ile niliisubiri sana."

Fundi alibaki pale kizingitini, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, maji yakimdondoka vidoleni, na hakuthubutu kuingia mpaka aambiwe.