Bibi Fuki Aliyewekewa Ubani Angali Hai

Salale! Asubuhi hiyo Bibi Fuki alifungua mlango wa mgahawa wake wa tambi, pazia la biashara, lile linalotundikwa mlangoni kuonyesha pamefunguliwa, likiwa mkononi, akakuta yeye mwenyewe amekufa.

Si kwamba alikuwa anaumwa popote. Goti la kushoto tu, na hilo lilianza kulalamika tangu enzi za mfalme aliyepita. Lakini pale kizingitini palikuwa pamejaa maua meupe, yale ya makaburini, mafungu kwa mafungu. Palikuwa na bakuli la mchanga lililochomekwa vijiti vya ubani, na moshi unampanda moja kwa moja puani. Palikuwa na machungwa, na chupa ya sake, pombe ya mchele, ya wenye uwezo. Na katikati ya vyote hivyo, jamani, bakuli la wali mweupe, na katikati ya wali vijiti viwili vya kulia vimesimamishwa wima.

Huko mjini Matsumoto hata mtoto wa kunyonya anajua kwamba wali wa vijiti wima hapewi mtu mwenye pumzi.

Bibi Fuki akajishika shavu. Lilikuwa la moto. Akajifinya paja. Likauma. Ndipo akamwona mwanamume mmoja mwenye tai na mkoba, amepiga magoti, amefumba macho, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola.

"Bwana," Bibi Fuki akanong'ona, "nani kafa hapa kwangu?"

Yule mtu akafumbua macho. Akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kwenye kandambili. Akatoa sauti kama ya jogoo aliyekabwa koo, akaanguka chali juu ya machungwa. Ukelele wake uliwatoa bata wote kwenye mto Metoba, na wengine hawajarudi mpaka leo.

Alimwagiwa maji, akapewa na mengine ya kunywa. Jina lake Igarashi, karani wa Niigata, alikuwa amepanda treni ya kwanza ya alfajiri.

"Bibi," akasema, "wewe umekufa."

"Mimi?"

"Kwenye gemu. Kwenye Barabara ya Chumvi mpya. Nchi nzima tumelia, bibi. Mke wangu hajala tangu Jumapili."

Bibi Fuki akatazama juu, kwenye dirisha la ghorofani. "Wale mbwa wa Mugifue," akasema.

Maana Mugifue, kampuni ya kutengeneza gemu, walikuwa ghorofani juu ya kichwa chake tangu ujana wake. Walihamia pale vijana wawili tu na mafua yao, hawana hita, wana kompyuta kubwa kama majokofu. Mumewe, Yonezo, alizipandisha ngazi bega moja, tatu kwa mpigo, na sufuria ya supu kichwani isimwagike tone. Wenye kubisha hawakumjua Yonezo. Gemu yao ya kwanza waliifungia kwenye meza za mgahawa, maana kwao hapakuwa na meza: disketi, karatasi ya maelezo, boksi, gundi. Maboksi yakatoka yananuka mchuzi wa samaki mkavu, na hadi leo wapo watu wazima wenye vyeo vyao wanaoyanunua ili wanuse tu.

Gemu yenyewe ni ya safari. Mchezaji anashika kijana mwenye upanga, anamtembeza mji hadi mji kwenye njia ya zamani ya wabeba chumvi, anapigana na mazimwi. Kampuni nyingine zikakimbilia vitu vipya, zikanenepa, zikafa. Mugifue wakabaki na barabara ileile, gemu baada ya gemu, na sasa anayeshika upanga ni mjukuu wa yule wa kwanza. Walisifiwa kwa mambo mawili. La kwanza, ndani ya gemu kila mtu wa mjini ana neno la kusema, hadi muuza majivu, na kila jambo likitokea wote wana neno jipya. Maneno hayo hawakuyabuni. Waandishi walishuka saa sita, wakala tambi, wakatega masikio.

La pili ni sheria ya mwenye kampuni, Bwana Ushiyama Takuro, mmoja wa wale vijana wa mafua: aliyekufa kwenye Barabara haamki. Walipomuua mama wa shujaa, watu walileta barua kwa magunia, na mmoja alituma jeneza tupu kwa posta. Ushiyama hakutikisika, wala hakueleza neno.

Bibi Fuki aliyajua hayo kwa kusikia tu. Kioo cha gemu hakuwahi kukitazama hata siku moja. Alisema vitu vinavyometameta vinamtia kichefuchefu. Hakujua kwamba kwa miaka yote hiyo, kwenye mji wa mlimani ndani ya gemu, palikuwa na mwanamke wa tambi anayewatukana mashujaa kabla ya kuwalisha. Nchi nzima ilijua.

Basi akabeba lile bakuli la wali, vijiti wima, akapanda ngazi. Tangu Yonezo afariki, miaka kumi na kitu, hakuwa amezikanyaga.

Alipoingia, ofisi nzima ilisimama. Mmoja alidondosha chai kwenye suruali na hakuhisi.

"Nani kaniua?"

Akasogea dada mmoja mwembamba, Momose Chihaya, ndiye aandikaye maneno ya watu wa mijini. Uso ulikuwa mweupe kuliko ule wali.

"Bibi, sikukuua. Naapa. Niliandika nilichokiona. Majira ya baridi ulipokwenda kupasuliwa goti, mgahawa ulifungwa, pazia halikutundikwa, na mlangoni palikuwa na chombo cha maua. Nikaweka hivyohivyo. Mlango umefungwa, pazia hakuna, maua yapo. Basi."

"Yale maua ni ya muuza samaki! Aliniletea pole ya goti!"

"Sasa wachezaji wetu..." Chihaya akalitazama bakuli la wali. "Wanajua Mugifue hawaweki ua bure."

"Si useme basi kwamba niko hai!"

Chihaya akamtazama mkubwa wake. Bwana Ushiyama alikuwa ametoka chumbani kwake, mvi tupu, mikono nyuma.

"Mama Fuki," akasema polepole, akainama vizuri, "samahani sana. Lakini alichokiona mchezaji ni chake. Hatujawahi kusahihisha, na hatujawahi kurudisha mtu."

"We Takuro! Mimi si mtu wa kurudishwa, mimi sijaondoka!"

"Nafahamu, mama."

"Hufahamu kitu. Wiki ijayo ni Bon. Wafu wote wanakuja makwao. Hii nchi nzima inanichomea ubani, inanisimamishia vijiti. Unafikiri wale wa ng'ambo hawana pua? Watakuja, watakula, wakiondoka watasema, 'Na huyu je? Si wetu huyu? Twende naye.' Ndivyo unavyotaka?"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa kona, mchoraji wa milima, alijipangusa jasho. Bwana Ushiyama akainama tena, chini zaidi, lakini hakusema ndiyo.

"Sawa," akasema Bibi Fuki. Akaliweka bakuli la wali juu ya meza iliyokuwa karibu, mbele ya kioo cha kompyuta. "Maiti haipiki."

Wakadhani ni hasira za asubuhi. Saa sita wakashuka kama kawaida, wakamkuta ameketi kwenye kiti katikati ya maua, anamenya chungwa la matanga yake mwenyewe.

"Mama, tambi za moto nne, tafadhali."

Bibi Fuki akageukia upande wa pili. "Nasikia kama upepo. Huku tuliko hatupokei oda."

"Mama, tunakufa njaa."

"Karibuni. Nafasi ipo."

Siku zile Matsumoto ilishuhudia mambo. Wachezaji walikuja kutoka kila mkoa, wakashuka stesheni na maua yao, wakakuta marehemu anawapokea na kuwakaripia kwa kuchelewa. Mmoja alikimbia bila viatu. Bibi mwenzake mmoja wa Nagoya alimpapasa mikono, akalia, akacheka, akaomba msamaha, akaacha ubani hata hivyo, maana alikuwa ameshaubeba. Kule juu wakala mikate ya dukani, wakakonda hadi feni ikawa inawahamisha viti. Mchoraji wa milima akachora mlima, ukatoka umbo la bakuli.

Lakini moyoni Bibi Fuki hakuwa na mzaha. Kila akiamka aliweka vidole shingoni kwanza, asikie kama panadunda. Nywele zake zilinuka ubani hata baada ya kuoga. Akipita dukani, watu aliosoma nao walinyamaza kidogo kabla ya kumsalimu, kama wanaohakikisha kwamba miguu yake inagusa chini. Na Bon ilikuwa inakaribia.

Siku moja kabla, Chihaya akashuka, kioo kidogo cha gemu kimekumbatiwa kifuani. Nyuma yake Bwana Ushiyama, macho chini kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Bibi, kuna marekebisho. Tumeyatuma kwa watu wote saa hii. Ila lazima utazame mwenyewe."

"Sitazami. Natapika mimi."

"Tapika, lakini tazama," akasema Ushiyama. "Nimekaa na hili jambo siku nzima bila kula, mama. Maiti yako hakuna aliyeiona. Kwa hiyo hukufa. Kwa hiyo sijamrudisha mtu. Sheria yangu haijaguswa."

"Wewe umeshindwa na mkate."

"Na mkate pia."

Bibi Fuki akafuta mikono kwenye aproni, akakaa, akatazama kwa jicho moja. Akaona njia ya mlimani. Akaona mji mdogo, moshi, paa. Akaona mgahawa, na mlangoni pazia la buluu, hata doa la wino kwenye kona lilikuwapo. Jicho la pili likafunguka lenyewe. Chihaya akamwingiza yule kijana wa upanga, na kizee kimoja chenye kitambaa kichwani kikamgeukia, maneno yakatokea: *Mnalia nini? Goti lilikuwa linauma. Kaa, kula, halafu ondoka.*

"Ndiyo mimi huyu?" Bibi Fuki akaangua kicheko. "Pua yote hiyo mmeitoa wapi? Takuro, hii pua ni ya shangazi yako!"

Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Nyuma ya kile kizee, jikoni, palikuwa na mwanamume anakanda unga. Taulo kwenye paji la uso. Bega la kushoto limeshuka kidogo, lile la kupandishia kompyuta.

Hata supu aliyojipikia mwenyewe jikoni, wanaapa, iliacha kuchemka.

"Huyu," akasema Bibi Fuki, na sauti haikuwa yake, "huyu nani kamweka hapa?"

"Yupo tangu gemu ya kwanza," Ushiyama akajibu. "Hatujamtoa."

"Yonezo alikufa. Wewe mwenyewe ulishika jeneza mbele. Nilikuona."

"Nilishika, mama. Lakini kwenye Barabara hakuna aliyeandika kwamba amekufa, nami nikakataza mtu yeyote asiguse jiko lile. Ndiyo maana sikutaka... Nikianza kusema nani yu hai na nani amekufa, wataniuliza na habari zake."

Bibi Fuki akakishika kile kioo kwa mikono miwili. Akakileta karibu hadi pumzi yake ikakifunika ukungu, akaufuta kwa kiganja.

"Anasema?"

"Anasema, bibi. Kila gemu neno jipya."

"Mwambie aseme."

Chihaya akabonyeza kitufe. *Usimjali mke wangu,* akasema yule mwanamume wa unga. *Akikutukana, ujue unaongezewa tambi.*

Machozi hayakutoka, yalikwama njiani kwa mshtuko. Kilichotoka ni hasira, na ilitoka yote kwa pamoja.

"Kumbe mlifunga mlango na yeye yuko ndani! Siku zote hizi za joto! Peke yake, na wateja wote hawa, na hajui hata kiberiti kinakaa wapi! Takuro, wewe una roho ya namna gani?"

Bwana Ushiyama Takuro, aliyekataa magunia ya barua na jeneza la posta, aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa meza, akaomba msamaha kwa Yonezo.

Kesho yake, siku ya kwanza ya Bon, pazia lilitundikwa. Karani Igarashi alirudi na mkewe na boksi la keki za kuombea radhi, akala tambi mara mbili, akatukanwa mara mbili, akaondoka amefura kwa furaha. Bakuli la mchanga wa ubani lilihamishiwa kwenye madhabahu ndogo ya nyumbani ya Yonezo, ambako ndiko kwake.

Jua lilipoinama, Bibi Fuki alitoka nje na maganda ya mti mweupe wa milimani, kama kila mlango wa Matsumoto, awashe moto wa kumkaribisha marehemu wake. Akauwasha. Moshi mweusi ukapanda. Hapo ndipo alipoduwaa, kijinga cha moto mkononi. Miaka yote aliita akielekea makaburini. Mwaka huu hakujua aelekee wapi.

Akageuza uso juu, kwenye dirisha la Mugifue.

"Yonezo!" akaita, mtaa mzima ukasikia. "Shuka, tambi zinapoa!"

Kisha, jamani, hatua zikasikika ngazini. Nzito. Za polepole. Zinashuka. Majirani wakaacha mioto yao. Bibi Fuki akashika mwimo wa mlango, mdomo wazi.

Mlango wa ngazi ukafunguka. Akatokea Bwana Ushiyama, bakuli tupu mkononi, macho makubwa kuwaona watu wote wamekodoa.

"Wewe si Yonezo," akasema Bibi Fuki alipopata pumzi.

"Hapana, mama. Lakini nina njaa."

Akamtukana matusi ambayo hata Chihaya, aliyekuwa dirishani ametega sikio, hakuthubutu kuyaandika. Kisha akaingia jikoni, akamjazia bakuli hadi tambi zikaning'inia ukingoni.