Bi Oleta Skaggs na Risasi ya Nta

Kwa miaka minne na miezi mitano Bi Oleta Skaggs alikaa kanisani viti viwili nyuma ya Royce Kidwell, na kila Jumapili walisalimiana.

"Umeamkaje, Royce?"

"Salama, Bi Oleta. Na wewe?"

"Mzima."

Basi. Mimi nanunua na kuuza silaha kuukuu, na katika biashara hii nimejifunza kuwaogopa wateja wa namna hiyo, wasiopandisha sauti. Mwenye kelele utapatana naye kabla ya chakula cha mchana. Yule anayekujulia hali mara kwa mara, jua kuna kitu anachosubiri.

Alikuwa mpishi wa shule ya kaunti yetu, hapa milimani Kentucky, kwa miaka thelathini. Asubuhi aliwapikia watoto maharage na mkate wa mahindi, na alasiri alifunga aproni nyingine akaingia karakana ya mumewe, Denzil. Walitengeneza bastola za gumegume kama zile za zamani, zinazoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu na kuwashwa kwa cheche ya jiwe. Denzil alichonga mbao na kusugua mitutu. Springi na vifyatuo vilikuwa kazi ya Bi Oleta, kwa kuwa macho yake yalikuwa makali na mkono wake hautetemeki. Nimeshika bastola zao nyingi, na sikuwahi kurudishiwa hata moja.

Denzil ndiye aliyesimamia mstari wa kulenga katika klabu yetu ya wapigaji magobore. Akisema "weka chini," hata sherifu aliweka chini.

Kisha akaja Royce. Alifungua shule ya kuwafundisha watu bastola za kisasa, zile zinazobeba risasi kumi na saba na kutoshea ndani ya kaptula. Alikuwa hodari, sitamsingizia. Klabu ikamwazima uwanja. Siku moja ya Mei mwanafunzi wake mmoja aligeuka kuuliza swali, bastola imejaa mkononi, mdomo wake ukielekea meza ambapo wanawake walikuwa wakikata keki. Denzil akamrukia, akaushika mkono ule na kuuinua juu. Risasi ikaenda mawinguni.

Jumatatu Royce aliandika barua kwa kamati. Alisema bastola ilikuwa ya Denzil, na mkono ulioifyatua ulikuwa wa Denzil, mzee anayetetemeka. Mwanafunzi akatia sahihi. Kamati iliogopa watu wa bima, ikamwondoa Denzil kwenye mstari bila hata kumwita. Hakushika tupa tena. Majira ya baridi ya pili akafa kitini. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Bi Oleta alilijua jina lingine la ugonjwa ule, na mwenye jina alikuwa akikaa viti viwili mbele yake kanisani.

Alichotaka kilikuwa kimoja: Royce aseme ukweli kwa kinywa chake, mbele ya watu walewale. Angekwenda kumwomba, angekataa. Kwa hiyo hakuomba.

Oktoba iliyopita tulikuwa kwenye kituo cha zimamoto tunakula burgoo, mchuzi wetu mzito wenye nyama za kila aina. Bi Oleta alikuwa anapakua. Royce alikuwa mezani na wanafunzi wake, anahutubia.

"Mtu yeyote mwenye bastola leo," alisema, "nikimpa wikendi mbili tu, nikamrudisha enzi za wale mabwana wa kupigana bastola, anawamaliza. Wale jamaa wa kola ndefu wangekufa kabla hawajamaliza kuinamiana."

Wanafunzi wakacheka. Bi Oleta naye akacheka, na wao walipoacha yeye akaendelea.

"Kuna nini, Bi Oleta?"

"Hakuna, mwanangu. Kula kabla hakijapoa."

"Si umecheka?"

"Nimekumbuka unavyopiga. Risasi kumi na saba kwa karatasi moja. Anayehitaji kumi na saba ni kwa sababu hajui ya kwanza ilikwenda wapi."

Mtu akagonga meza kwa kijiko. "Royce! Hiyo imeingia!"

Masikio ya Royce yakawa mekundu. "Basi njoo tupimane. Wewe na mimi, hatua kumi na tano."

"Unaniita uwanjani?"

"Nakuita."

"Sema tena. Mwenyekiti Burl hapa sikio moja halifanyi kazi."

"Nakuita uwanjani, mama!"

Nikaweka bakuli chini. Sauti ile naijua: ni ya mtu aliyetia sahihi bila kusoma. Kwa desturi ya pambano la bastola, anayeitwa ndiye anayechagua silaha na masharti. Kila mwanaklabu anajua. Royce, aliyesoma kila kitu kuhusu bastola za sasa, hakulijua hilo.

Bi Oleta aliniomba niwe msimamizi wake, na masharti nikayaandika mimi. Silaha zingekuwa jozi ya mwisho aliyoitengeneza Denzil. Risasi za nta, barakoa za chuma usoni, makoti ya ngozi. Kila mtu risasi moja tu. Kitambaa kikianguka, kila mmoja afyatue wakati wowote atakao. Aliyekwisha kufyatua asimame alama yake, asisogee mpaka mwenzake amalize. Akisogea, ameshindwa. Royce akishinda, achukue bastola zote mbili. Bi Oleta akishinda, Royce amjibu swali moja mbele ya watu.

"Swali tu?" Royce aliniuliza, akicheka. "Hata keki hakuna?"

"Swali tu," nikasema. Sikumweleza zaidi. Hakuwa mteja wangu.

Burl Tackett, karani wa kaunti na mwenyekiti wa klabu, alijikuna shingo. "Mimi nimeapa kama kila mwenye cheo Kentucky kwamba sijashiriki pambano la silaha ya kuua."

"Nta haiui, Burl," Bi Oleta akasema. "Inauma tu."

"Inauma kiasi gani?"

"Tutamuuliza Royce."

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, uwanja ulikuwa umejaa. Kamati yote ilikuwepo, na wanafunzi wa Royce wamevaa fulana zinazofanana. Bi Oleta alifungua sanduku akamwambia Royce achague kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ya kumfikia mtu wa mwisho:

"Royce, kifyatuo hiki ukishakitega ni chepesi kama unywele. Usikiguse mpaka uwe umelenga. Kama unataka saa nzima ya kujaribu, baruti ipo, nta ipo, sisi tutakunywa kahawa."

Sijaona mtu akifunga mlango vizuri namna ile. Kama angekubali, angejifunza, na labda angeshinda. Lakini wanafunzi walikuwa wanamtazama.

"Bi Oleta," alisema, "mimi ndiye ninayefundisha watu kugusa kifyatuo."

"Haya."

Wakasimama. Bi Oleta, mwenye miaka sitini na sita, aligeuka ubavu na kunyoosha mkono mmoja chini, mwembamba kama ufito. Royce alisimama kifua kikimwelekea, magoti yamekunjwa kidogo, mikono miwili juu ya mpini uliochongwa kushikwa kwa mkono mmoja. Hakuwa na pa kuweka ule wa kushoto. Burl akaachia kitambaa.

Watu wa Royce hufundishwa kukibana kifyatuo kidogo kidogo wakati bastola inapanda, ili ikifika usawa wa macho kazi iliyobaki iwe ndogo. Kwenye bastola zao ni ufundi mzuri. Wamerudia mara elfu kumi, na kidole hakimsubiri mwenye kidole. Bastola ya Royce ilipofika usawa wa goti, gumegume likapiga, moshi ukafuka, na nta ikachimba nyasi hatua mbili mbele ya viatu vyake.

Hakuna aliyecheka. Bi Oleta aliinua mkono taratibu mpaka mtutu ukamtazama Royce, akabaki hivyo.

Royce akaegemea kulia, kisigino kikaanza kuinuka. Nalo amefundishwa: piga, hama, tafuta kinga.

"Alama yako, Kidwell!" nikapiga kelele. Akakishusha. Mwili wake haukujua kusimama bure.

"Piga basi," akasema.

"Sina haraka. Siku ile ya Mei, bastola ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Swali ni ukishinda. Hujashinda!"

"Kweli kabisa. Nami karatasi haikuniwekea muda wa kufyatua. Au, msimamizi?"

"Haikuweka," nikasema.

Dakika moja ikapita. Jaribu kuhesabu dakika moja ukiwa unatazama tundu la mtutu. Mkono wa Bi Oleta haukushuka hata unene wa ukucha. Jasho lilidondoka chini ya barakoa ya Royce. Mwanafunzi mmoja akanong'ona, "Kwani anauliza nini huyu?" na mwingine, mkubwa wao, yule aliyetia sahihi barua, akatazama viatu vyake.

"Piga, mama! Unangoja nini?"

"Mkononi mwa nani?"

Angeweza kuondoka. Lakini angeondoka mbele ya kila anayemlipa ili amfundishe ujasiri.

"Mwa mwanafunzi wangu," akasema.

"Kamati haijasikia."

"Ilikuwa ya mwanafunzi wangu! Denzil aliiinua juu. Barua niliandika uongo. Umefurahi?"

Burl alivua kofia. Wajumbe wawili wa kamati waligeuza nyuso.

Bi Oleta akafyatua.

Ilimpata juu ya nyonga, pale koti linapoishia. Royce alijikunja kama kisu cha mfukoni, akapiga magoti, kisha akang'oa barakoa. "Si nimekwisha kujibu! Mbona umepiga?"

"Jibu lilikuwa la Denzil," akasema. "Hii yangu."

Kwa hesabu zangu mimi hapakuwa na kasoro. Kwa masharti, swali lilikuwa lifuate ushindi. Yeye alipokea malipo mapema, kisha akaleta bidhaa.

Desturi inataka wapambanaji washikane mikono, na Royce, nampa haki yake, aliinuka akachechemea hadi kwake na kunyoosha mkono. Bi Oleta aliichukua bastola kutoka mkono wake wa pili, akampita, akaja kwangu.

"Nitafutie maji ya moto," akaniambia. "Baruti ikikaa inakula chuma."

Nilipogeuka kwenda kuyatafuta, Royce alikuwa bado amenyoosha mkono.