Majina Yaliyomo Kote Kuwili

Mtunza stoo wa kiwanda cha nguo alikuwa ameanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, na sifa zake zikamfikia meneja kabla elimu haijamkolea. Kiwanda kilikuwa kinapunguza watu. Meneja akampa orodha mbili: ya washonaji wote, na ya waliohitimu mafunzo ya mashine mpya.

"Nitafutie waliomo kote kuwili. Hao ndio watakaobaki."

Ndilo lilikuwa somo la darasa lake la kompyuta wiki ileile: chukua jina kutoka orodha ya kwanza, angalia kama limo kwenye ya pili, likiwemo, liweke kando, kisha nenda kwa linalofuata. Mistari michache tu, na majibu yakatoka kufumba na kufumbua. Meneja akampigapiga begani, akamwita mtaalamu. Kichwa kikamvimba kijana, akayachapisha majina bila kuyasoma.

Mama yake mdogo, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa mshonaji humohumo. Ndiye aliyemwombea hata hiyo kazi ya stoo. Jioni alimkuta jikoni, jiko halijawashwa, barua ya kuachishwa kazi iko mapajani.

"Mama, si ulihitimu wewe?"

"Nilihitimu. Cheti kipo kabatini."

Asubuhi kijana akazifungua orodha. Jina lilikuwamo kote, ila kwenye ile ya mafunzo aliyeliandika aliacha nafasi moja ya ziada katikati. Kwa jicho la mtu, jina ni lilelile. Kwa kompyuta, hao ni watu wawili. Mwalimu alishawaonya darasani wasafishe majina, waondoe nafasi za ziada, kabla ya kulinganisha. Kwake liliingia sikio hili likatokea lile.

Akamkimbilia meneja. "Kosa ni langu, mzee. Mrudishe."

"Makao makuu wameshapewa idadi," meneja akasema, bila kuinua macho. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Alipomweleza mama mdogo, mama aliikunja ile barua.

"Kompyuta hainijui, sina ugomvi nayo. Wewe unanijua, mwanangu. Hukuona kwamba simo?"

Mama hakumlaani, alimpakulia chakula kama kawaida. Mwisho wa mwezi akafungasha virago, akahamia kwa kaka yake. Kijana alimbebea mizigo hadi kituoni, na njia nzima walizungumzia mvua.