Mdundo Una Mwenyewe

Mimi kukaa kitako sijui. Hata kwenye treni ya huku kwa Waswidi, kutoka Rissne kwenda Rinkeby, kituo kimoja tu, nilisimama mlangoni nimekumbatia hotpoti la maandazi. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa anapewa jina siku hiyo, na jina lilikuwa limeshakwenda upande wa pili.

Mkwe wangu ni Mwolofu wa Senegali, wa ukoo wa wapiga ngoma. Tena si ngoma za kujifunza ukubwani. Kwao mtu anazaliwa nazo, baba, babu na baba wa babu. Mtoto alikuwa anaitwa jina la mama yake mkwe wangu, ambaye alipanda ndege kutoka Dakar kuja kulisikia likitajwa. Sawa, mila ni mila. Lakini mimi je? Nilitaka mtoto huyu awe na kitu changu, hata kidogo, na sikuwa na cha kumpa.

Ngoma ndizo zilizoniuma zaidi. Binti yangu alikuwa ameniambia kwamba kwa akina mume wake kila mdundo una mwenyewe: huu aliutunga babu, ule alitungiwa shangazi, na watoto wanaupokea kama sisi tunavyopokea shamba. "Na sisi wa Lushoto tuna upi?" nikamuuliza. Akacheka, akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba nitulie. Nitulie! Nilinuna wiki nzima.

Ukumbini, baada ya shehe kumnong'oneza mtoto jina lake sikioni na wali wa samaki kuliwa, viti vikasogezwa ukutani. Mkwe wangu, ambaye siku nyingine ni dereva wa basi, akasimama nyuma ya ngoma ndefu, mkono mmoja mtupu, mwingine umeshika kijiti chembamba. Ndugu zake wakajipanga kando yake na ngoma zao. Loo! Ile si ngoma ya kubembeleza mtu. Inakatakata, inadondoka kama mvua ya mawe kwenye bati. Wanawake wakachomoka mmoja mmoja, wakarusha miguu mbele ya ngoma, wakarudi vitini wakicheka. Bibi mwenzangu wa Dakar naye akacheza, na umri wake ule, ukumbi mzima vigelegele. Kisha akanijia, akanishika mkono, akanivuta katikati.

Toba! Mbele ya mkwe? Mkwe ambaye hata chakula sili naye meza moja? Nikakaza kanga kiunoni, nikasimama. Nikangoja ngoma iniite, maana kwetu ngoma ndiyo inayotangulia, wewe unafuata. Ikawa inagonga chinichini tu, haiendi popote. Mimi nangoja, yenyewe inangoja. Mkwe wangu alikuwa ameinamisha macho, nikasema moyoni, angalau kijana ana adabu, ananisitiri. Watu wakaanza kuguna. Jasho likanitoka, na nje kuna theluji. Nikapandwa na hasira: piga basi, wewe mwanaume!

Binti yangu, mtoto kifuani, akanipigia kelele kwa Kiswidi kutoka kitini: mume wake ananingoja mimi. Kwao ngoma hufuata miguu.

Kumbe macho yale hayakuwa ya adabu tu. Alikuwa anaangalia visigino vyangu.

Sasa nicheze nini? Kuruka kama wao siwezi, goti langu bovu. Miguu ikajichagulia yenyewe: ile ngoma ya shangazi zangu walipokuwa wakimtoa mtoto mchanga nje, kisigino, kisigino, halafu unaburuza na kukanyaga. Nikaburuza, ngoma ikaburuza. Nikakanyaga, ikakanyaga papo hapo. Nikaharakisha makusudi kumjaribu, akanidaka. Jamani, miaka yote niliyokaa nchi hii sijawahi kusikilizwa namna ile. Nikalia huku nacheza, mbele ya mkwe, na aibu sikuiona.

Mwezi uliofuata, bibi mwenzangu akiwa ameshaondoka, nilikwenda kwa binti yangu Sundbyberg bila kupiga simu, kama ninavyofanya siku zote. Mlango ulikuwa wazi. Mtoto analia kweli kweli, na baba yake amemlaza begani, anamgonga mgongoni kwa vidole: mara mbili nyepesi, anaburuza, kisha moja nzito. Akarudia. Akarudia tena. Mtoto akanyamaza.

Nikabaki mlangoni na viatu mkononi.

"Huo ni wa babu yupi?" nikauliza, ingawa goti langu lilikuwa limeshaujua.

Binti yangu alikuwa anakunja nepi. Hakuinua hata uso, na alinijibu kwa Kiswahili.

"Huo wako, mama. Mdundo mwingine hataki kulala nao."