Mpaka Mabega ya Mlima Yaonekane

Pikipiki za Arusha hazipakwi rangi, zinavishwa. Tanki likichubuka, fundi anabandika stika ya simba. Likichubuka tena anaongeza tai, na juu ya tai maneno ya kumshukuru Mungu, mpaka chombo kinabeba wanyama wengi kuliko mbuga ya Momela. Chini ya wanyama hao kutu inakula taratibu, na mwenye pikipiki anapita mjini kifua mbele.

Nilijiona nina haki ya kudharau. Niliondoka nyumbani baada ya kidato cha nne, nikazunguka Mwanza, Tunduma na Tanga, kisha nikakaa miaka minne Dar, Buguruni, kwenye gereji ambako kazi yangu ilikuwa kupiga rangi matanki na madigadi ya kukinga tope. Kule joto ni msaidizi usiyemlisha. Unamaliza kupuliza upande wa pili, wa kwanza umeshakauka. Jasho likinitiririka nilikuwa naukumbuka ukungu wa Julai wa kwetu kwa mapenzi makubwa, masweta ya asubuhi, moshi unaotoka mdomoni ukiongea. Nilikumbuka kila kitu cha ukungu ule isipokuwa kwamba una maji.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilirudi nikafikia kwa dada yangu, Moshono. Dada ni mjane. Shemeji alimwachia pikipiki ya rangi ya damu ya mzee, na dada aliifuta kila Jumamosi kwa kipande cha kanga kuukuu. Hakuna aliyeiendesha. Alipokwenda msibani Rombo alinikabidhi ufunguo, akaniagiza niiwashe kila asubuhi betri isife, ila nisivuke nayo geti.

"Nakupa uilinde tu," alisema. "Wewe kila unachopewa unakirudisha na kilema."

Kesho yake nilikuwa barabara ya Momela. Nilitaka kuona tena yale maziwa ambako marehemu baba alitupeleka tukiwa wadogo. Sikuyaona. Kwenye kona moja yenye changarawe pikipiki ililala ubavu, tanki likakwaruzika mpaka bati likacheka. Mimi sikuchubuka hata kiwiko. Afadhali ningechubuka mimi, kwa sababu ngozi yangu dada asingeikagua.

Ilikuwa Jumanne. Dada angerudi Jumamosi.

Nilianza kwa fundi mmoja wa Kisongo niliyesikia akisifiwa. Aliangalia jeraha kwa sekunde mbili, akachomoa tai mkubwa kutoka kwenye bahasha. Nikamwambia hii ni pikipiki ya mjane, siyo ya mgombea udiwani. Akasema basi tuweke tai wawili, huku na huku, ipendeze.

Jumatano nikaenda kwa fundi wa Moshono, jirani na kwa dada. Nilimkuta saa nne asubuhi amekaa juu ya ndoo, koti zito, kofia ya sufu, kikombe cha chai mkononi. Matanki matatu yalining'inia kwenye waya yakiwa na praima tu, rangi ya chini, ya kijivu kama panya. Nikamuuliza langu atalimaliza lini. Aligeuza shingo kuelekea mlimani, ambako hapakuwa na mlima, ukungu mtupu.

"Haujatoka," akasema.

Nikauliza nini hakijatoka.

"Mlima."

Akanywa chai. Nilimweleza kwamba Dar fundi wa namna yake angekufa njaa. Akanijibu, bila hasira, kwamba Dar ipo, mabasi yapo. Niliposema mimi nimezaliwa hapahapa Moshono, alinitazama shati la mikono mifupi kuanzia kola hadi pindo. "Aliyezaliwa hapa anavaa sweta, mtu wa Dar."

Nikaondoka nikimcheka. Mtu mzima anayesubiri ruhusa ya mlima kufanya kazi. Nilinunua msasa, puti na makopo ya spreyi. Alhamisi nikasugua na kuziba kwa ustadi ambao hao wa tai hawajawahi kuuota. Ijumaa asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nikapuliza. Kwa dakika moja tanki liling'aa kama shemeji yuko hai. Halafu likaanza kufifia mbele ya macho yangu, likawa na wingu jeupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nikapuliza tena kulifunika. Likawa macho mawili.

Jioni nililibeba kwa fundi likiwa limefunikwa shuka. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alikwangua kwa ukucha.

"Umepaka ukungu, bwana mkubwa. Uko ndani ya rangi."

Ilibidi likwanguliwe lote. Hata ile rangi ya zamani iliyokuwa nzima, iliyofutwa kwa kanga miaka yote, ikaondoka kama unga kwenye maji ya msasa.

Jumamosi dada alikuta pikipiki imesimama barazani bila tanki, kama ng'ombe aliyekatwa nundu. Aliizunguka mara moja. Nikamweleza yote, pamoja na Momela. Akauliza tanki litarudi lini. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema: mlima ukitoka.

Aliangalia begi langu mlangoni. Nilikuwa nimeshalifunga.

"Rudisha hilo begi ndani," akasema. "Na kila asubuhi utakwenda kukaa na huyo fundi."

Nikakaa, kwa sweta la marehemu shemeji, siku mbili nikinywa chai na kutazama weupe. Jumanne saa sita ncha ya Meru ikachomoza. Niliruka, nikamletea bomba la kupulizia. Hakuinuka.

"Hicho kichwa. Ngoja mabega."

Mabega yalitoka saa saba na nusu. Alipiga rangi kwa muda mfupi kuliko wa kumaliza kikombe kimoja, na sikuona pa kukosoa, ingawa nilitafuta.

Alhamisi tulilifunga tanki mahali pake. Dada alikuja na kipande chake cha kanga. Nikamzuia: fundi amesema lisiguswe mpaka wiki iishe, kwa baridi hii rangi bado laini. Akanitupia kile kitambaa.

"Basi utaifuta wewe. Jumamosi ya wiki ijayo."

Nikalining'iniza begi tupu kwenye msumari. Rangi ya Buguruni ingekuwa imekauka siku ileile.