Jenerali na Kofia Kumi na Moja

Mtaani wanamwita Jenerali, na si kwa sababu ya zile kofia peke yake. Ukimkuta shangazi yangu kwenye foleni ya maji, mikono kiunoni, na hakuna anayethubutu kumruka, utaona kwamba cheo alizaliwa nacho, ni jeshi tu lililochelewa kupata habari. Mumewe, fundi redio mpole, akiulizwa nani mkubwa nyumbani, hutazama mlangoni kwanza ndipo ajibu.

Kazi ya shangazi ni kusafisha kofia za chuma walizovaa wanajeshi wa zamani vitani. Usicheke, kazi hiyo ipo. Watu wakichimba msingi au wakipitisha barabara mahali palipopiganwa, ardhi hutema: risasi, vijiko, vifungo, na kofia zilizojaa udongo kama vyungu vya maua. Nyingi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nyingine utazikuta uani kwa mtu, kuku wananywea maji. Chache zenye bahati hufika makumbusho, na humo zinapelekwa stoo ya nyuma, kwenye meza ndefu iliyo chini ya dirisha, mikononi mwa Jenerali.

Hakusomea. Miaka kumi na tisa alikuwa dobi wa hospitali, mpaka hospitali iliponunua mashine na kugundua kwamba mashine haigombi na mtu. Akahamishiwa makumbusho kuwa mfagiaji. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu kufundisha wafanyakazi namna ya kutunza vyuma vilivyotoka ardhini. Wanafunzi walikuwa sita. Wakasoma wiki tatu, wakapiga picha, wakapewa vyeti, na vyeti vikawapeleka kwenye kazi nyingine. Shangazi alikuwa anafagia chumba hicho hicho. Alikifagia wiki tatu mfululizo, pembe ile ile karibu na ubao, na hakuna aliyemwuliza vumbi hilo lote linatoka wapi. Mtaalamu peke yake ndiye aliyeona. Siku ya kuondoka alimwachia mfagiaji brashi zake zote na daftari.

Jambo la kwanza alilolishika shangazi ni kwamba chuma kilicholala ardhini hunywa chumvi. Ukikitoa ukakisugua, kitang'aa, utakiweka kabatini ukijisifu, na baada ya miezi michache kitaanza kubanduka maganda mpaka ubaki na unga mwekundu kwenye sahani. Kwa hiyo kofia hulazwa kwenye beseni la maji yaliyotiwa dawa, maji yanabadilishwa kila wiki, na kila wiki anachota kidogo kwenye kichupa na kudondoshea tone la dawa nyingine. Maji yakigeuka rangi ya maziwa, chumvi bado ipo. Huenda ikachukua miezi.

"Chuma ni kama shuka la wodini," husema. "Linaonekana safi siku nyingi kabla halijawa safi."

Kofia kumi na moja zilikuja kwa mkupuo. Tingatinga la barabara lilifungua handaki lililowaangukia wanajeshi enzi za vita ile ya zamani, na kila kofia ilikutwa na mwenyewe chini yake. Mifupa ilizikwa kwa heshima zote, kaburi moja, bila jina hata moja, kwa kuwa vile vibati vya majina vya shingoni vilikuwa vimeliwa na kutu. Kofia zikaletwa stoo ndani ya masanduku ya soda.

Jumanne iliyofuata akafika mzee mmoja, fundi cherehani aliyesikia habari redioni. Utepe wa kupimia ulikuwa bado uko shingoni, kama mtu aliyeitwa ghafla.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwangalia kaka yangu."

Shangazi akamvutia kiti. Kaka huyo, akaeleza mzee, alikuwa kwenye kikosi kilichopigana bonde lile. Hakurudi. Kilichorudi ni barua ya mistari mitatu: ametoroka jeshini.

"Karibu miaka sitini sasa," mzee akasema. "Nikikosea suruali ya mtu ikawa fupi, ananiambia ahaa, hii ni ya kukimbilia, kama kaka yako. Na mimi ninamcheka pale pale, maana ni mteja."

"Na wewe unaamini nini?"

"Mimi sikuwepo. Ila likizo yake ya mwisho, ngozi ya ndani ya kofia ilikuwa imechanika. Nilikuwa ninajifunza kushona, nina miaka kumi na saba. Nikamshonea. Mshono wangu nikiuona nitaujua, kwa sababu mimi ule uzi nili..."

"Ishia hapo hapo, mzee. Usiniambie ulishonaje."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka kukuamini."

Mzee alidhani anafukuzwa. Haikuwa hivyo. Kule hospitali shangazi aliwahi kuona familia tatu zikitambua shati moja la marehemu mmoja, zote kwa machozi ya kweli. Tangu hapo alijua kwamba mtu mwenye kiu ya jibu huona anachotaka kuona, na hajui kama anadanganya. Akamwambia arudi kila Jumanne, akae, anywe chai, na mdomo wake aufunge kuhusu nyuzi.

Sasa mkurugenzi. Ni kijana wa tai, mwenye haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Aliingia stoo wiki hiyo hiyo akihesabu kofia kwa kidole.

"Mama, onyesho linafunguliwa baada ya wiki sita. Waziri anakuja. Nataka zote kumi na moja ukutani."

"Wiki sita hazitoshi hata moja."

"Kuna dawa ya pipa. Unatumbukiza leo, kesho kutu hakuna. Unapiga rangi nyeusi, kwisha kazi."

"Na ngozi za ndani?"

"Zimeoza hizo. Toa, tupa."

"Na wewe ukizeeka tukufanyeje?"

Mkurugenzi akacheka, kwa sababu hakujua la kufanya lingine. Akaagiza pipa liletwe.

Shangazi akaanza kazi kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Kofia moja baada ya nyingine aliitoa udongo kwa kijiti cha mti, si chuma, akanyunyiza maji, akapiga brashi laini ya kupakia rangi, akang'oa ngozi kutoka kwenye chuma polepole kama mtu anayebandua bandeji ya mtoto. Ya kwanza haikuwa na mshono ila ule wa kiwandani. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ngozi yote ilikuwa imekuwa tope. Fundi cherehani alikuwa anakaa kwenye kiti chake Jumanne baada ya Jumanne, akitazama mgongo wa shangazi, maana meza alikuwa ameikingia pazia.

Kofia ya saba ndiyo iliyokuwa na kiraka.

Kilikuwa upande wa kushoto, juu ya sikio, kipande cha ngozi cha ukubwa wa bahasha ndogo. Uzi wenyewe ulikuwa umeoza zamani, lakini kabla haujaisha ulikuwa umenywa kutu ya chuma ukakauka nayo, kwa hiyo kila ulipopita sasa palikuwa na kamstari kagumu ka rangi ya kahawia. Uzi ulikuwa ni kutu tupu. Ungeitoa kutu, ungetoa na mshono. Na kulikuwa na kitu kingine. Mafundo ya uzi, manne, yote yalikuwa upande wa nje, ule unaogusa chuma. Shangazi alifua nguo za watu miaka kumi na tisa na hakuwahi kuona fundi anayefunga fundo mahali pa kuonekana.

Alimwita mkurugenzi siku hiyo hiyo, akamwonyesha kwa kioo cha kukuzia, akamweleza habari ya yule mzee.

"Mama, askari yeyote anaweza kushona kiraka," mkurugenzi akasema. "Tena hiki kimeshonwa na mtu asiyejua. Mafundo yako kinyume."

"Ndiyo maana nimekuita."

"Mzee akiona atasema ni chake. Hata mimi ningesema."

"Hataona. Jumanne nampa ngozi mpya na sindano, ashone hapa mbele yako kama alivyoshona siku ile. Akifunga mafundo ndani kama mafundi wote, nitazitumbukiza mwenyewe kwenye pipa lako, zote kumi na moja, na rangi nitapaka."

"Na akifunga nje?"

"Pipa linaondoka, na kadi ya kofia hii unaandika jina la mtu."

Mkurugenzi alilitazama pipa, akamtazama shangazi, akalegeza tai. "Na mpaka Jumanne?"

"Mpaka Jumanne stoo imefungwa." Akageuza ufunguo, akautia kifuani, mahali ambapo hakuna kanuni ya utumishi inayofika.

Nyumbani alikuwa mkali mpaka redio za mume wake zikaongea kwa kunong'ona. Mume akamwuliza, kwa mbali, kwa nini aliweka dau kofia zote badala ya ile moja.

"Kwa sababu angekubali kuacha moja," akajibu. "Zile kumi je? Zao hakuna aliyekuja kuziulizia."

Jumanne mzee alikuta meza imepanguswa, kiti kimesogezwa dirishani, ngozi imekatwa kwa umbo lile lile na kuchanwa mahali pale pale. Kando yake kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa shuka jeupe. Mkurugenzi alisimama karibu na mlango, mikono mfukoni.

"Fundi," shangazi akamwambia, "nishonee kiraka kama ulivyomshonea kaka yako. Sitaki uzuri. Nataka vile vile."

Mzee alikaa. Alivaa miwani, akapitisha uzi kwenye kipande cha nta mara tatu, akaulamba, akakosa tundu la sindano, akakosa tena, akapata. Akaiweka ngozi pajani. Akachoma sindano kutokea ndani, kama fundi yeyote wa dunia hii, na fundo likakaa ndani, safi, limejificha.

Shangazi alikunja vidole ndani ya aproni. Mkurugenzi alitoa mkono mmoja mfukoni, akaangalia saa.

Mzee alishona pigo la pili. Akasimama. Akaitazama ngozi kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Siyo hivi," akasema. "Nimeshona makoti mengi mno." Akauvuta uzi wote, akaukata, akaigeuza ngozi. Sasa sindano iliingia kutokea nje. Fundo la kwanza likakaa juu, wazi, baya. Akaenda kwa mapigo marefu, kona ya kwanza fundo, ya pili fundo. Mpaka anamaliza, yalikuwa manne, yote nje.

Mkurugenzi alikuwa ameshasogea bila kujijua. "Mzee, mbona mafundo unayaweka nje? Yanaonekana."

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Ndani kuna kichwa."

Mkurugenzi akatoa na mkono wa pili mfukoni.

"Mwalimu wangu alinizaba kofi kwa mafundo haya," mzee akaendelea. "Nikamwambia, mvaaji anatembea mwezi mzima bila kuivua, fundo litamchimba. Akasema kazi ni kazi. Nikamwachia kofi lake, nikabaki na mafundo yangu."

Shangazi akaondoa shuka.

Mzee aliinama mpaka utepe wa shingoni ukagusa meza. Hakulia. Alifuata ule mstari wa kutu kwa jicho, kona kwa kona, na shangazi akahesabu pamoja naye kimoyomoyo. Kisha uso wake ukakunjamana.

"Upande huu umekwenda upogo. Kiraka chenyewe kimevuta." Mkono ukaenda kwenye sindano. "Nipe nikirekebishe, mwanangu, dakika mbili tu. Huwezi kumwonyesha waziri kazi kama hii."

"Mkono wako, fundi, urudishe mfukoni."

"Ni kazi yangu."

"Ilikuwa kazi yako. Sasa ni kofia yake. Alienda nayo hivyo hivyo, upogo na yote."

Wakatazamana, wakaidi wawili. Mzee ndiye aliyechomeka sindano kwenye kitambaa.

"Ilikutwa wapi?" akauliza.

"Ya saba kutoka mdomo wa handaki. Ilikuwa kichwani, mkanda wa kidevuni umefungwa mpaka mwisho. Na wa mbele yake na wa nyuma yake, hivyo hivyo."

"Kwa hiyo hakwenda popote."

"Hakwenda popote, mzee."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akasimama na kuanza kutafuta fimbo iliyokuwa mkononi mwake. "Dada yetu yupo, ana miaka tisini na mbili. Nikimwambia leo atanigombeza kwa nini sikumwambia Jumanne iliyopita."

"Mwambie nilikukataza mimi."

"Atakuja kukugombeza na wewe."

"Aje."

Alimtajia mkurugenzi jina la kaka yake, jina la baba na la babu, na akasubiri mpaka yameandikwa yote, akaomba kuyasoma mwenyewe, akarekebisha herufi moja. Ndipo akatoka.

Mkurugenzi alibaki ameshika kadi. "Sawa, Mama. Hii imepona. Lakini hizi nyingine hazina mshono wa mtu."

"Nne hatujazifungua," shangazi akasema. "Na hizo sita, tumetafuta uzi tu. Hatujatafuta jina lililokwaruzwa, wala rangi, wala alama ya jino lililouma mkanda. Waziri ataona kofia moja, hii, na kutu yake. Akitaka ya pili, arudi mwakani." Akautoa ufunguo kifuani, akafungua kabati la mabeseni. "Pipa lako mlango ni ule. Ukishalitoa, kunja mikono ya shati, uje unishikie hili beseni. La nane linavuja."